Kivuli cha mwembe sio cha pasheni

Wadau, masika ikikaribia swali tunaloulizwa sana hapa kitaluni ni hili: "nina mwembe mkubwa uani, chini yake hapaoti kitu, nipeni kitu cha kula kinachotambaa na kudumu". Wengi wanakuwa wameshajaribu pasheni. Kuna mama mmoja wa Tabata aliipanda uchochoroni kati ya nyumba na ukuta wa jirani, akamwagilia mwaka na nusu, majani yakafika mpaka kwenye bati, tunda hata moja hakuna, akawa anaongeza samadi akijua udongo ndo umechoka. Udongo haukuwa na shida jamani. Pasheni inataka jua, ukiinyima jua unafuga majani tu.

Chini ya mwembe sisi tunakuambia weka pilipili manga. Kwao ni misitu ya kusini mwa India, imezoea kukaa chini ya miti mikubwa na kupanda juu kwa vimizizi vinavyotoka kwenye kila pingili, na ganda la mwembe lilivyo na mipasuko vinashika vizuri kabisa. Muheza na Zanzibar wanaipandisha kwenye miti hai hivyohivyo.

Sasa watu wanapokosea ni kwenye kukata. Unaenda kwa shangazi unaona tawi la pembeni lina vishada unalikata hilo, linaota kweli, ila linabaki kichaka, halipandi. Kata shina lenyewe linalopanda, pingili tatu hivi, mbili zifukie. Shimo liwe kama sentimita 30 kutoka kwenye shina la mwembe, mche ufunge kwa kamba ya mgomba, sio waya, waya unakata. Na hapa Dar masika uwanja ukigeuka dimbwi ndo mwisho wake, mizizi inaoza na mmea wote unanyauka, kwa hiyo inua tuta kwanza ndo upande. Mavuno ni mwaka wa tatu hivi. Ukiona kishada kina punje chache nyekundu chuma, anika juani, zenyewe zitakuwa nyeusi.

Ila giza kabisa nayo haitaki. Simama chini ya mti saa sita mchana, angalia chini: kama unaona madoa ya jua yanachezacheza hapo panafaa, kama hamna hata moja punguza matawi ya chini kwanza.

Huwezi kusubiri miaka mitatu? Chukua nderema. Kipande cha shina tu kinaota, majani yake kivulini yanakuwa mapana zaidi, ukiyapika na nazi yana ule mrenda wa bamia, mwagilia tu isikauke.

Vanila tunayo pia lakini tunakuambia ukweli kabla hujalipa, ua linafunguka asubuhi moja tu na lazima ulichavushe mwenyewe kwa mkono, kisha mapodo (matunda yake) yanakaa kama miezi 9 ndo yakomae. Kweme, ule mmea mkubwa unaotambaa na kuliwa mbegu zake, ni kwa wenye shamba Kisarawe au Kibaha huko, inaanzia kivulini ila inalifuata jua mpaka kileleni na uzito wake unaweza kuuelemea mti, tena ina dume na jike na huwezi kuzijua mpaka zitoe maua, kwa hiyo usinunue mche mmoja.

Ukija, njoo na picha ya sehemu yako uliyopiga saa sita mchana, tutakuchagulia mche kwa kuangalia hiyo.