Barua kuhusu injini yenye jina la mlima wenu

Rafiki yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na wote wa nyumbani huko Longido. Uliniuliza kama injini ya mvuke iliyopewa jina la Mlima Gelai bado ipo, au ilikwisha kukatwakatwa ikauzwa kuwa vyuma chakavu, nami nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka kwanza niione kwa macho yangu. Ipo. Imesimama katika Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, karibu na stesheni, na namba yake ni 5918.

Ni injini ya aina iitwayo Garratt, ya daraja la 59, mojawapo ya 34 zilizoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock mjini Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Boila lake, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, limebebwa katikati, juu ya fremu iliyoegemea mitambo miwili yenye magurudumu, mmoja mbele na mwingine nyuma, ili jitu hilo lenye uzito wa tani 252 hivi liweze kujipinda kwenye kona za reli yenye upana wa mita moja. Niliizunguka kwa hatua nikahesabu magurudumu 28. Mwenzake, namba 5930, amepewa jina la Shengena ya Upare. Kwa hiyo zote mbili, ingawa zimebaki Kenya, zina majina ya milima ya kwenu. Sijui kama jambo hilo litakufurahisha au litakuudhi.

Watu hudhani injini iliyosimama haichakai, kwa kuwa haifanyi kazi. Kumbe kusimama ndiko kunakoiponza: chombo kinachotembea hupakwa grisi na joto lake hukausha unyevu, lakini kilichosimama hunywa kila mvua kupitia dohani, na maji hujificha chini ya bati linalofunika boila, mahali ambapo jicho halifiki. Katika mji mmoja ambao sitautaja, niliwahi kuona injini iliyopakwa rangi mpya ikang'aa kama siku ya kuzinduliwa. Nilipoligonga bati lake kwa kidole, kidole kikatumbukia ndani. Rangi ilikuwa imepakwa juu ya kutu.

Ndiyo maana nimenunua daftari. Mafundi walikuwa na desturi ya kugonga namba ya injini kwenye vyuma vyake, hasa mikono inayounganisha magurudumu, na kwa kuwa karakana zilikuwa zikihamisha vipuri kutoka injini hii kwenda ile, namba hizo husimulia chuma kipi kilitoka wapi. Nazinakili moja moja, pamoja na picha iliyopigwa mahali pale pale kila baada ya masika, ili kutu ikianza kutambaa ionekane mapema.

Nina ombi moja. Yule mzee jirani yako, uliyesema alikuwa msaidizi wa dereva katika reli, tafadhali mwulize vizibo vya kutolea maji na matope ya boila la Garratt vilikuwa upande gani, na ni kipi kilichokuwa kigumu kufunguka. Michoro nimeiona, lakini michoro haisemi ni wapi maji yalikuwa yakipenda kubaki.

Msalimie sana.

Ni mimi rafiki yako wa Nairobi.