Shukrani kwa mzee wa peni ya bluu, Cooperstown

Mzee wangu, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma hadi leo. Ulikuwa mbele yetu kwenye foleni pale Main Street, mjini Cooperstown, Marekani, umevaa kofia iliyopauka ya Chicago Cubs, timu ya besiboli, siku Ferguson Jenkins, nyota wa zamani wa mchezo huo, alipokuwa akisaini mipira. Mwanangu alishika mpira mpya na maka peni nyeusi. Ukaitazama, ukatikisa kichwa, ukatoa mfukoni peni ya bluu ya kawaida ukampa. Ukatueleza kuwa wino wa maka peni husambaa kwenye ngozi ya mpira, saini ikaharibika.

Mtoto alipobanwa na haja, ulitushikia nafasi.

Na ulivyotusimulia! Jenkins, Mkanada wa Chatham, Ontario, alishinda mechi 284 akiwa mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, akatwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, mwaka 1971, na mwaka 1991 akawa Mkanada wa kwanza kuingizwa kwenye Jumba la Umaarufu la Besiboli, hapo hapo mjini. Aliwatoa wapigaji zaidi ya 3,000 kwa kuwakosesha mpira, na waliopewa kituo cha kwanza bure kwa sababu amerusha vibaya hawakufika 1,000. Mimi niliyekulia kwenye soka la Tanga, hapo ndipo mchezo huu uliponiingia.

Mzee Jenkins aliuzungusha mpira taratibu, akasaini pale nyuzi nyekundu zinapokaribiana. Tulipogeuka kukurudishia peni, ulishaondoka. Tunayo bado. Asante sana, baba, Mungu akuzidishie umri.