Kwa nini programu yako inagoma kwenye seva

Kisumu

Ndugu yangu,

Salamu kutoka huku kwenye joto. Baridi yenu ya Nakuru naionea wivu. Unasema programu yako ya karo inatoa orodha vizuri ukiiendesha mwenyewe, lakini mzazi akiifungua kwenye simu anaona 500 tu, ile namba ya kosa la ndani ya seva. Naona umeanza kuilaumu seva. Seva haina kosa.

Yenyewe haijui lolote kuhusu karo. Ilizaliwa kupokea maombi na kurudisha mafaili. Mwaka 1993 watu wa NCSA, kituo cha kompyuta kuu katika Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani, waliipa seva yao njia ya kuendesha programu ya nje, na utaratibu huo ndio CGI (Common Gateway Interface). Ni mfupi ajabu. Ombi likifika, seva huanzisha programu yako na kuipa vigeu vya mazingira, yaani majina yenye thamani ambayo programu huzaliwa nayo. REQUEST_METHOD husema ni GET, ombi la kusoma ukurasa, au POST, ombi la kutuma data. QUERY_STRING hubeba kilichofuata alama ya kuuliza kwenye anwani. Fomu ya POST huingia kupitia stdin, mlango wa kuingizia data, na CONTENT_LENGTH hukuambia usome baiti ngapi. Jibu unaliandika kwenye stdout, mlango wa kutolea matokeo, basi. Uwe umetumia lugha ya Perl, Python au C, seva haijali.

Jibu lenyewe ndilo ninalolishuku. Huanza na vichwa, mistari inayoeleza jibu ni la aina gani, angalau Content-Type: text/html, kisha mstari mtupu, kisha ukurasa. Ukiusahau ule mstari mtupu, au ukiacha print ya majaribio ichapishe neno kabla ya vichwa, seva haielewi kitu, na mzazi anatupiwa 500. Wewe kwenye skrini yako huoni kasoro, kwa sababu macho hayadai vichwa.

Kama hapo ni sawa, tazama ruhusa. Seva haiendeshi programu kwa jina lako bali kwa mtumiaji wake mwenye uwezo mdogo, kwa hiyo iweke 755 (wewe unaandika, wengine wanasoma na kuiendesha), na uhakikishe mtumiaji huyo anaweza kulisoma faili la karo. Halafu uliiandika kwenye Windows, sivyo? Windows humalizia mstari kwa alama mbili, na ile ya ziada hujibandika kwenye mstari wa kwanza wa #!, ule unaotaja programu ya kuiendesha skripti, Linux ikaenda kutafuta Python yenye jina lisilokuwepo. Jambo jingine: moduli ya cgi, kipande cha Python cha kusomea fomu, iliondolewa kwenye Python 3.13, mwaka 2024. CGI bado ipo, ila ukiandika import cgi kwenye seva yenye toleo hilo, utaanguka hapo hapo.

Umeuliza pia kwa nini vijana wa siku hizi wanaicheka CGI. Kila ombi huanzisha programu upya: Python ipakiwe, hifadhidata ifunguliwe, kisha kila kitu kifungwe. Hebu fikiria mama wa samaki pale Dunga akizima jiko na kuliwasha tena kwa kila mteja. FastCGI, ya miaka ya 1990 hiyo hiyo, huiacha programu hai ikisubiri ombi lijalo, na PHP-FPM, kiendeshaji cha lugha ya PHP, inafuata njia hiyo. Kwa shule moja, lakini, mimi singehangaika.

Usalama ndio ungenikosesha usingizi. Vichwa anavyotuma mgeni pamoja na ombi lake navyo hugeuzwa vigeu, kama HTTP_USER_AGENT. Septemba 2014 ilijulikana kwamba Bash, programu ya kupokea na kutekeleza amri kwenye Linux, ilikuwa ikitekeleza amri zilizofichwa ndani ya vigeu. Kasoro hiyo wakaiita Shellshock, na skripti za CGI za Bash zikawa mlango wazi. Ilizibwa. Lakini hakuna atakayekuzibia wewe ukichukua namba ya mwanafunzi kutoka QUERY_STRING na kuibandika moja kwa moja kwenye amri ya mfumo. Kagua kwanza kwamba ni tarakimu tupu, na kinginecho chochote ukikatae.

Sasa fungua logi ya makosa, faili ambamo seva huandika kilichoharibika. Kwa seva ya Apache kwenye Linux ya Ubuntu iko /var/log/apache2/error.log. Ukikuta “End of script output before headers”, programu ilikufa kabla ya kutoa vichwa, na sababu mara nyingi iko mstari wa juu yake. Nitumie mistari ya mwisho kwa WhatsApp jioni, ila ufute majina ya wanafunzi kwanza.

Wasalimie nyumbani.

Wako,
Ndugu yako wa Kisumu