Usiuchome mswada

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu mpenzi,

Barua yako imenifika. Eti unataka kuuchoma mswada wa tamthilia yako kwa kuwa wahusika wako wanaongea kama kitabu cha shule. Ngoja kwanza! Tangu niisome, August Wilson, yule mwandishi wa tamthilia, hanitoki kichwani.

Alizaliwa 1945 huko Pittsburgh, Marekani, mtaa wa Hill District, mama yake akifanya usafi kwenye nyumba za watu. Akiwa na miaka 15 aliandika insha juu ya Napoleon, mwalimu akamwambia ameiiba. Akatoka shuleni moja kwa moja. Nyumbani hakusema; kutwa akawa anashinda maktaba, anasoma peke yake.

Mwaka 1968 yeye na rafiki yake Rob Penny wakaanzisha kikundi cha maigizo cha Black Horizons palepale mtaani. Wilson alikuwa mshairi, na mazungumzo ya jukwaani yalimgomea kama yanavyokugomea wewe. Aliona maneno ya watu wake hayatoshi kuwa sanaa mpaka ayatie nakshi. Mwenyewe alisimulia kwamba alimwuliza Penny anawafanyaje wahusika waseme, akajibiwa kuwa hawafanyi chochote, anawasikiliza tu.

Jibu hilo lilimkalia miaka. Mwaka 1978 akahamia St. Paul, Minnesota, mji wenye watu weusi wachache, na huko ugenini ndiko sauti za wazee wa Pittsburgh, wale waliokuwa wakipiga soga kwenye duka la sigara, zilikomrudia. Akaandika tamthilia ya *Jitney*: madereva wa teksi bubu wanangoja simu ilie, wanagombana, wanataniana. Shoga, soma hiyo kabla ya nyingine zote.

Kituo cha O'Neill, kinachokuza tamthilia mpya huko Marekani, kilimkatalia maandiko kadhaa, kisha 1982 kikapokea *Ma Rainey's Black Bottom*. Hapo akakutana na Lloyd Richards, mwongozaji aliyeipeleka Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, mwaka 1984. Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani, aliipata mara mbili, 1987 na 1990. Tamthilia zake kumi, kila moja na miaka kumi yake ya karne ya 20, alizikamilisha 2005, mwaka aliofariki.

Mimi napenda zaidi Troy wa tamthilia yake ya *Fences*, mzoa taka anayejitapa kwamba alipigana mieleka na Mauti. Anasema mpaka anachosha, anatia chumvi, anajipinga, na Wilson hamsahihishi hata mara moja. Nilipomsoma nilimsikia marehemu babu barazani, nikalia.

Sasa yule mama ntilie wako wa onyesho la pili. Namjua uliyemchota, mwenye banda karibu na stendi. Yule hawezi kusema "nimesikitishwa mno na kauli yako". Ananyamaza, anafunika sufuria kwa kishindo, halafu ndiyo anaanza na ukoo wako. Nenda kale wali pale siku mbili tatu, usiende na daftari.

Onyesho hilo ukishaliandika upya nipigie unisomee, hata iwe saa sita za usiku.

Nakupenda sana. Wasalimie watoto.

Shoga yako