Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Habari za ada na pango la studio atazisoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia vikao vyetu vya kukosoana kazi za uchoraji na uchongaji, maana ndivyo vilivyotushughulisha zaidi mwaka huu.

Mlilalamika, tena kwa haki, kwamba kikaoni kulikuwa na mawili tu: "hongera, nzuri sana", au maneno makali yaliyowafanya vijana waache kuleta kazi. Kamati ikachagua utaratibu wa hatua nne ulioanzishwa na Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani, mwaka 1990. Watazamaji husema kwanza walichokiona na kilichowagusa. Kisha mchoraji huuliza maswali yake. Watazamaji nao huuliza, bila kuficha hukumu ndani ya swali. Maoni huja mwisho, mwenye kazi akiridhia. Tumeongeza na letu: mdogo kwa umri ndiye anayeanza. Mzee akishatamka, nani atampinga?

Matunda yake niliyaona kwenye picha ya soko la samaki la Feri iliyoletwa na mwanachama mpya. Aliuliza swali moja: macho yenu yanatua wapi kwanza? Karibu sote tukaonyesha ndoo ya njano pembeni, ilhali yeye alikuwa amehangaikia uso wa mama muuza samaki. Hakuna aliyemwambia afute ndoo. Alikwenda akaipoza ile njano kwa zambarau kidogo. Hakutumia nyeusi, kwani nyeusi huivuta njano kwenye ukijani. Alipoirudisha, tulianzia usoni.

Wapo wanaosema mchoraji hufundishwa kwa mkono, wakimtaja Edward Saidi Tingatinga, ambaye kabla ya kufariki mwaka 1972 aliwafundisha jamaa zake wakichora naye. Urithi huo nauheshimu sana. Lakini wengi wetu hatuna fundi wa kukaa ubavuni pake, na kijana anayetafuta mtindo wake anahitaji kujua wenzake wanaona nini kabla hajatia saini.

Bado mazungumzo ya bei na watalii yanaingilia kazi ambazo hazijakwisha. Naomba mkutano upitishe kwamba bei ijadiliwe siku yake. Wachongaji nao wanahudhuria kwa nadra, kwa kuwa gogo la mpingo halibebeki kwenye daladala. Kamati inapendekeza tuwafuate kwenye karakana zao kila robo mwaka.

Wanaotaka kuonyesha kazi kwenye kikao cha Januari wampe katibu majina leo, na walete kazi ambayo haijakamilika.