Sakitu ya Pontoise

Paris, mwezi wa Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakufikia ukiwa mzima wa afya, pamoja na Mama na wote hapo nyumbani Njombe. Mimi sijambo, namshukuru Mungu.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwenye makumbusho ya Orsay, nikasimama muda mrefu mbele ya picha moja ambayo naamini wewe ungeielewa kuliko mimi. Ni shamba la matuta lililofunikwa na sakitu ya asubuhi, na mzee mwenye mzigo wa kuni mgongoni anapanda njia akijikongoja kwa fimbo. Vivuli virefu vinakatiza matuta, ingawa miti yenyewe haionekani, kwa kuwa imebaki nje ya picha. Nilikumbuka asubuhi zile za Juni tulipoamka na kukuta viazi vimeungua kwa baridi, nawe ukilizunguka shamba bila kusema neno.

Aliyeichora, mwaka 1873, karibu na mji wa Pontoise, ni Camille Pissarro. Wafaransa humhesabu kuwa wao, ilhali alizaliwa mwaka 1830 katika kisiwa cha St. Thomas, kilichokuwa koloni la Denmark huko Karibi, akabaki raia wa Denmark hadi alipofariki mwaka 1903. Alihamia Ufaransa akiwa na umri wa miaka 25, na mahali alipopapenda hasa ni vijijini, ambako wakulima na njia zao za udongo vilimtosha kuwa kazi ya maisha.

Vita vya mwaka 1870 kati ya Ufaransa na Prussia, dola ya Kijerumani, vilipozuka alikimbilia London. Askari wa Prussia wakakaa katika nyumba yake ya Louveciennes, na turubai zake za picha wakazitandika kwenye matope ili wakanyage juu yake. Kati ya picha zipatazo 1,500, jasho la miaka ishirini, zilizosalimika ni takriban 40 tu. Mzee yule wa kuni alichorwa baada ya hasara hiyo, Baba, na picha ilipoonyeshwa mwaka 1874 mhakiki mmoja aliidhihaki kuwa ni rangi iliyokwanguliwa na kumwagwa juu ya turubai chafu. Mimi niliyekanyaga udongo ulioganda nikienda shule naona ukwaru ule wa rangi ndio ukweli wenyewe.

Ndani ya bahasha nimeweka postikadi ya picha hiyo. Tafadhali mwonyeshe Babu, umuulize kama mzee yule ameufunga mzigo wake sawasawa.

Mwanao akupendaye