Msiicheke santuri ya Spock mkamsahau Uhura

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa burudani wiki iliyopita ulitoa orodha ya albamu za "aibu" zilizorekodiwa na waigizaji wa televisheni. Aliyepewa namba moja ni Leonard Nimoy, yule Spock mwenye masikio ya ncha katika Star Trek, tamthilia ya televisheni ya Marekani kuhusu wafanyakazi wa chombo cha anga, kwa santuri yake ya mwaka 1967, Leonard Nimoy Presents Mr. Spock's Music from Outer Space. Mwandishi wenu aliimaliza kwa mistari michache, na mingi kati ya hiyo ilihusu masikio ya bandia. Naomba nafasi nimjibu, kwa sababu kila nilipoisoma ile aya niliona wazi kwamba hakuisikiliza.

Nianze na linalokubalika. Nimoy hakuwa mwimbaji hodari. Mimi nafundisha kwaya, na sauti inayoyumba naijua. Yake ni nzito, ya chini, na inakushika unapomsikia akizungumza. Ila akitakiwa kupanda kidogo, au kuishikilia noti ndefu, inalegea. Pengine ndiyo sababu sehemu kubwa ya santuri ile, iliyosimamiwa na produsa Charles Grean, ni ama ala tupu ama maneno yanayosemwa juu ya muziki. Tena ilikuwa bidhaa, hilo halina ubishi. Star Trek ilianza kurushwa na kituo cha televisheni cha NBC Septemba 8, 1966, watazamaji wakampenda Spock kupita kiasi, na kampuni ya Dot Records ikataka kuuza sura yake kabla joto halijapoa. Muziki wa utangulizi wa Star Trek umo, wa Mission: Impossible, tamthilia nyingine ya televisheni, umo, na Nimoy mwenyewe hasikiki katika vipande hivyo. Vimewekwa kujaza nafasi.

Sasa geuzeni santuri. Upande wa pili, wimbo wa pili, unaitwa "Lost in the Stars". Anayeliona jina hilo chini ya picha ya Spock atadhani ni habari za vyombo vya anga. La hasha. Wimbo huo ni wa Kurt Weill na Maxwell Anderson, waliouweka katika tamthilia yao ya muziki iliyofunguliwa Broadway, New York, mwaka 1949, na tamthilia yenyewe imetokana na riwaya ya Alan Paton kuhusu Afrika Kusini. Jukwaani anayeuimba ni Stephen Kumalo, kasisi Mwafrika aliyetoka kijijini kwao kwenda Johannesburg kumtafuta mwanawe, na alipompata akamkuta mahabusu kwa kesi ya mauaji. Mzee huyo, imani ikimtetereka, anaimba juu ya Mungu aliyeziumba nyota zote na kuzishika mkononi, nyota moja ndogo ikamponyoka. Na sisi tuko juu ya hiyo iliyoponyoka, gizani. Weill alikuwa Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933, Hitler alipoingia madarakani. Nimoy alikuwa mtoto wa kinyozi wa Boston, na wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohama kutoka sehemu ambayo leo ni Ukraine. Wimbo wa baba Mwafrika aliyevunjika moyo, uliotungwa na mkimbizi na kuimbwa na mtoto wa wahamiaji, umo ndani ya santuri ambayo gazeti letu limeiita upuuzi. Sauti inayumba, ndiyo. Msikilizeni lakini jinsi asivyoharakisha hata neno moja.

Santuri inafungwa na "A Visit to a Sad Planet". Hapo haimbi kabisa. Anasimulia kwa sauti ile ile ya Spock, tulivu, isiyopanda wala kushuka, kama ofisa anayesoma taarifa ya safari. Ameshuka katika sayari iliyoteketezwa na vita vya wakazi wake wenyewe, anauliza yaliyotokea, na mwishoni anatajiwa jina la mahali hapo: ni Dunia. Leo mwisho wa namna hiyo tumeuzoea. Mwaka 1967 Marekani ilikuwa vitani Vietnam, mabomu ya nyuklia yakirundikwa pande zote mbili, na kijana aliyenunua santuri kwa kumpenda mtu wa masikio ya ncha alipelekewa ujumbe huo hadi sebuleni kwao. Ningependa mtu anionyeshe kichekesho kiko wapi hapo.

Najua kicheko kinakotoka. Kinatoka kwenye ile video ya "The Ballad of Bilbo Baggins" iliyorekodiwa kwa kipindi cha televisheni mwaka huo huo wa 1967, Nimoy akiimba kati ya wasichana waliovaa masikio ya bandia. Wimbo huo wala haumo katika santuri mliyoitaja. Ulitiwa katika ile iliyofuata, Two Sides of Leonard Nimoy, ya 1968. Mwandishi wenu amevichanganya. Halafu wimbo wenyewe ni wa kitoto kwa makusudi, unasimulia kisa cha kitabu cha watoto. Kuuimba kwa furaha si kosa.

William Shatner, nahodha Kirk, naye kapigwa kwenye namba mbili kwa The Transformed Man ya 1968. Sitamtetea kwa nguvu hiyo hiyo, kwa sababu nyimbo zake zinanichosha. Haki yake ni hii tu: alikuwa mwigizaji wa jukwaani aliyepitia Shakespeare huko Stratford, Kanada, na santuri ile imepangwa ili maneno ya tamthilia yaende sambamba na wimbo wa siku zile, kimoja kikijibu kingine. Mwaka 1988 kampuni ya Rhino ilitoa mkusanyiko uitwao Golden Throats, nyimbo zikachomolewa peke yake, na tangu hapo watu wanazicheka bila kusikia kilichotangulia. Mwaka 2004 alirudi na Has Been akiwa na Ben Folds, na hiyo hata wapinzani wake waliisifu.

Mhariri, lililoniuma hasa ni jingine. Katika orodha ya watu wanane, jina la Nichelle Nichols, mwigizaji mwenzao wa Star Trek, halikuonekana popote, hata kwa kulinganishwa. Yeye ndiye aliyekuwa mwimbaji wa kweli katika chombo kile. Kabla ya televisheni alishaimba na bendi ya Duke Ellington na ya Lionel Hampton. Katika miaka hiyo hiyo ya Star Trek alirekodi albamu yake, Down to Earth, kwa kampuni ya Epic, na hiyo mtu anaisikiliza bila kuhitaji kuambiwa kwamba mwimbaji aliwahi kuonekana kwenye televisheni. Pumzi ipo, matamshi yapo, anajua wapi pa kuchelewa nyuma ya ngoma na wapi pa kuikamata. Wanakwaya wangu nimewasikilizisha ili wajifunze namna ya kumaliza neno.

Na gazeti hili ni la Kiswahili. Nichols aliigiza Luteni Uhura, jina lililotokana na uhuru wetu. Katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, kiumbe anayebadili umbo anamjia kama mwanamume na kumsemesha Kiswahili. Mwaka mmoja baadaye kuna kipindi kingine, "The Changeling", ambacho napenda wasomaji wenu wakitafute. Uhura yuko kazini akiimba. Mashine iliyopandishwa chomboni inamsikia, inataka ielezwe kuimba ni kitu gani, haielewi, na inamfuta akili yote. Anafundishwa upya kusoma kama mtoto, na maneno yanapomkwama kinachomtoka mdomoni ni Kiswahili. Wimbo aliokuwa akiuimba ni "Beyond Antares". Ndio ule aliomwimbia mwenzake Riley kwa simu ya ndani ya chombo katika kipindi cha Desemba 1966, kwa kuwa kijana yule alikuwa zamu peke yake na upweke ulimzidi. Wimbo huo umo pia katika santuri ya Nimoy mliyoicheka. Mwandishi wenu angesoma tu orodha ya nyimbo kwenye jalada angefika kwa Nichols mwenyewe.

Huyu mama alipotaka kuiacha Star Trek baada ya msimu wa kwanza, alitaka kurudi jukwaani Broadway, kwenye kuimba. Aliyemzuia ni Dk. Martin Luther King, aliyemwambia kwamba kuonekana kwake pale, mwanamke Mweusi mwenye cheo na kazi ya maana, ni jambo lisilopaswa kukatishwa. Akabaki. Kuanzia mwaka 1977 aliifanyia NASA kazi ya kuwashawishi wanawake na watu wa rangi waombe nafasi za uanaanga, na kati ya waliochukuliwa katika kundi la 1978 wamo Sally Ride, mwanamke wa kwanza wa Marekani kwenda angani, na Guion Bluford, Mmarekani Mweusi wa kwanza kwenda huko. Alifariki Julai 30, 2022, akiwa na miaka 89. Magazeti mengi yalimwandika kwa yote hayo na kuupita uimbaji wake kwa sentensi moja, ilhali ndiyo kazi aliyoiweka kando ili hayo mengine yawezekane.

Ninachoomba ni kidogo. Mwandishi wenu asikilize upande wa pili wa santuri ya Nimoy wote, kwa utulivu, kisha Down to Earth mwanzo hadi mwisho, halafu aandike tena. Akibaki na msimamo wake kuhusu Nimoy nitauheshimu, maana atakuwa amesikia. Kuhusu Nichols, nusu ukurasa wenye picha yake akiwa mbele ya kipaza sauti, bila sare nyekundu ya televisheni, utatosha kuanzia.

Msomaji wenu,
Mwalimu wa kwaya, Morogoro